Choo kilikuwa kinaflashi kivivu, nimekitengeneza kwa vinega na waya wa henga (uzoefu wangu)

Niseme ukweli mi sio fundi. Nakaa Buhongwa, Mwanza, nyumba ya kupanga, choo cha kukaa cha ndani, na kwa kama miezi mitano hivi ukiflashi maji yanazungukazunguka tu kama yanalazimishwa, mzigo unabaki palepale unakuangalia. Tukazoea ndoo. Mpaka mama mkwe akaja kutoka Magu, siku ya pili nikapishana naye koridoni kabeba ndoo ya maji anaelekea huko, yeye anaangalia ukutani na mimi naangalia ukutani. Nikasema basi, yaishe.

Fundi bomba akaangalia dakika mbili akasema sinki la choo limechoka, ling'olewe liwekwe jipya, laki mbili na themanini, ufundi pembeni. Nikamwambia ntakucheki.

Kilichoniokolea hela ni ndoo hiyohiyo. Nilijaza lita kumi nikaimwaga yote kwa mpigo kwenye sinki, ikashuka fyuu! Maana yake kwenye kutolea hakujaziba, shida iko huku juu, kwenye tanki au pale maji yanapoingilia sinki. Ingejaa na kushuka mdogomdogo hapo ni kuziba, haya ninayoandika yasingekusaidia.

Nikafunua tanki, maji yako chini ya ule mrija wa kumwagia ya ziada kama vidole vinne, boya limeshushwa (nadhani mpangaji aliyetangulia alikuwa anabana matumizi). Nikazungusha skrubu ya boya maji yakapanda mpaka inchi moja hivi chini ya mdomo wa mrija, usizidishe hapo maana yatamwagika chooni usiku kucha na hutajua. Nguvu ikaongezeka ila sio sana.

Kumbe mchawi yuko kwenye ukingo wa juu wa sinki. Nilichukua kioo cha wife cha kupakia wanja (hajui mpaka leo) nikakiweka chini ya ukingo na tochi ya simu, nikakuta vitundu vya kutolea maji karibu vyote vimeziba ukoko mweupe mgumu kama wa kwenye birika. Sisi maji yetu ya kisima yana chumvi balaa, nyie wa maji ya ziwa hii shida hamuijui sana.

Vinega nyeupe chupa mbili, elfu tano. Nikafunga koki, nikaflashi tanki likaisha, vinega nikaipasha iwe vuguvugu tu, ya kuchemka inaweza kupasua sinki, nikaimimina kwenye ule mrija maana unaenda moja kwa moja ukingoni, halafu tishu nikazilowesha vinega nikazibandika chini ya ukingo pote. Asubuhi nikaingia na waya wa henga ule wenye plastiki, kitundu kimoja kimoja, vipande vinadondoka kama maganda ya yai. Vile vya nyuma kabisa vilinitoa jasho. Asidi ya mafundi inawahi zaidi ila mimi naiogopa, na iwe asidi iwe vinega usije ukachanganya na jiki, gesi yake ni sumu.

Sasa hivi ukibonyeza mara moja kimeondoka. Nyota nne, moja naikata kwa sababu nyumba ilinuka kachumbari siku mbili, na baada ya miezi mitatu ukoko umeanza kurudi kwahiyo ni kazi ya kurudia. Mama mkwe alikuja tena juzi, ndoo kafulia.