Tyubu za LED kwenye fitingi za zamani: uzoefu wangu

Fitingi nilizobadilisha nyumbani ni za futi 4, zile za tyubu ya T8 (unene wa karibu inchi moja) ya wati 36, zenye choki, yaani koili inayodhibiti mkondo wa taa, na stata ya kuiwashia. Nimeridhika kabisa. Taa inawaka papo hapo, mngurumo umekwisha, na fitingi ya tyubu mbili iliyokuwa ikila karibu wati 90, choki zake zikiwemo, sasa inakula 36. Ikiwashwa kwa saa 5 kila siku, unaokoa takriban uniti 98 kwa mwaka.

Ila usinunue tyubu kabla hujafungua fitingi. Ukiona stata, kile kikopo kidogo unachokizungusha kukitoa, mara nyingi choki ni ya sumaku na kazi ni nyepesi. Stata isipokuwepo, tarajia bolasti ya elektroniki, kifaa kinachofanya kazi ya choki kwa njia ya kielektroniki. Hiyo hutoa umeme wa makumi ya kilohezi, na tyubu ya LED iliyotengenezwa kwa choki ya sumaku inaweza kuungua humo. Ama utafute tyubu iliyoandikwa kwamba inakubali bolasti hiyo, ama uitoe bolasti yenyewe. Mimi naitoa, maana ukiiacha, siku ikifa taa inazimika wakati tyubu ni nzima.

Kwenye choki ya sumaku, tyubu huuzwa pamoja na stata yake ya LED, ambayo ndani ina fyuzi tu. Unazima umeme kwenye swichi kuu, unapima kwa tesita, unatoa tyubu na stata za zamani, unaweka mpya. Imeisha. Ukisahau stata ya zamani humo, tyubu haiwaki au inapepesa.

Mafundi wengi hushauri choki itolewe ili kuokoa umeme. Sikubaliani nao. Tyubu ya wati 36 huvuta ampea 0.43 kupitia choki, lakini LED ya wati 18 kwa volti 230 huvuta chini ya 0.1. Joto la waya wa choki hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo hasara iliyobaki ni ndogo mno. Toa choki kama inanguruma, ina kutu au imeanza kunuka. Kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji, ndiyo ya kutoa, kama ipo: LED haiihitaji, na huweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa, kwa hiyo usiishike ncha zake.

Ukiamua kuitoa choki, chukua waya zake mbili uziunganishe kwa konekta, nyingine zote uziache zilivyo pamoja na stata ya LED. Hapo tyubu inaingia upande wowote. Njia ya pili ni kupeleka laini (waya wa moto) na nyutro kwenye holda moja tu, yaani soketi ya upande mmoja wa tyubu, na hapa ndipo watu hupigisha shoti. Tyubu nyingi za aina hii zina pini mbili za upande mmoja zilizounganishwa ndani kwa ndani. Ukiichomeka kinyume, laini inakutana na nyutro moja kwa moja. Weka multimita, ikiwa kwenye kipimo cha omu, kwenye pini za kila upande wa tyubu iliyo nje ya fitingi: upande unaosoma karibu na sifuri ndio usioruhusiwa kupata umeme. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito upande wa umeme, kwenye tyubu na kwenye holda. Halafu bandika karatasi ndani ya fitingi: “LED tu, haina choki”. Mtu akirudisha tyubu ya zamani na stata yake hapo, hakuna cha kuzuia mkondo.

Holda zikague pia. Plastiki iliyogeuka njano na kukatika ukiibonyeza haifai, na mguso uliolegea huleta cheche.

Kuhusu mwanga, LED hii inamulika chini zaidi, kwa hiyo dari huwa na giza kidogo kuliko zamani. Soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga, usisome wati: kwa futi 4 mimi sinunui iliyo chini ya 1,800. Kwa rangi ya mwanga, sebuleni naipenda ya kelvini 3,000 (ya manjano), jikoni 4,000. Ile ya 6,500, nyeupe ya kibuluu, inachosha macho usiku, kwa maoni yangu.

Taa ikibaki na mng'ao hafifu baada ya kuzimwa, angalia kama swichi inakata nyutro badala ya laini. Hilo ni kosa la hatari, lirekebishwe na fundi. Swichi yenye kitaa cha neoni nayo huleta mng'ao huo.

Tyubu za zamani zina zebaki, miligramu chache kila moja, kwa hiyo usizivunje wala kuzichanganya na taka za jikoni. Maboksi ya tyubu mpya yana urefu uleule: ziingize humo, uzipeleke panapopokelewa taka za umeme.