Breki na amortisere za nyuma: ukiwa Bukavu, nunua nini kwanza?

Bukavu, ukitaka kujua hali ya breki za nyuma za gari, tazama chini ya gurudumu. Gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko wa Kadutu au wa Nguba huku limekingwa jiwe, ujue mwenyewe ameshakata tamaa na breki ya mkono. Toyota ndogo zilizojaa mjini kwetu, Vitz, Probox na Corolla nyingi, zina tamburi nyuma, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na waya wa breki ya mkono huvuta garnitire (vipande vya breki vinavyokaza tamburi kwa ndani) zilezile unazotumia ukikanyaga pedali. Garnitire zikiisha au zikilowa mafuta, mlima hautakungoja hata uvute mkono mpaka uguse paa.

Kwa hiyo mimi napanga manunuzi hivi: pesa ya kwanza ni ya garnitire, ya pili ni ya silindi za magurudumu na mafuta ya breki, ya tatu ni ya amortisere (shokabu). Silenbloki, zile bushi za raba, zinafuata, resori (springi) zinakuja mwisho. Garaji nyingi zitakushauri uanze na amortisere kwa sababu ndizo zinazogonga na kumkera abiria. Garnitire iliyokwisha inaweza kukaa kimya muda mrefu.

Pima kabla ya kwenda dukani

Ukifika kwa muuza piesi (vipuri) na kusema tu "nataka breki za Corolla", utapewa chochote kilicho karibu na mkono wake. Corolla za kizazi kimoja zipo zenye tamburi nyuma na zipo zenye diski. Nakili namba ya shasi kutoka kwenye kibati kilicho chini ya kapo (boneti). Magari yetu mengi yalitoka Japani yakiwa na usukani kulia, na orodha ya piesi za huko hufuata namba hiyo. Mwaka unaosomeka kwenye karatasi za gari hautakusaidia sana. Beba na piesi ya zamani, ilinganishwe juu ya meza.

Kufungua tamburi hakuhitaji nyundo. Achia breki ya mkono, kisha tafuta matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa tamburi. Ingiza boliti mbili za milimita 8, kaza huku kidogo na huku kidogo, tamburi itajisukuma nje. Ndani utaona garnitire mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Toyota inaruhusu unene wa kitambaa chake, yaani sehemu inayosugua tamburi, ushuke hadi milimita 1. Mimi, kwa milima hii, sisubiri ishuke chini ya 2. Kipenyo cha juu kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye tamburi yenyewe. Ile ya milimita 200 ikipita 201, ni chuma chakavu, haifai hata kuchongwa.

Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Garnitire za zamani, au za asili isiyojulikana, zinaweza kuwa na asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa tambara, kisha litupe.

Garnitire: kuanzia ya kuchukua hadi ya kukimbia

Nafasi ya kwanza naipa garnitire mpya ya kampuni ya Japani inayojulikana, kama Akebono au Nisshinbo. Hizi ni kampuni zinazowauzia watengenezaji wa magari wenyewe, na kwenye boksi lao hulipii nembo ya Toyota.

Boksi la Toyota lenyewe naliweka la pili. Ubora wake sina la kusema juu yake, ila bei iko juu, na jina kubwa ndilo linalomvutia mwigaji. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii ni ya Japani kabisa." Mwambie afungue. Tazama kama namba iliyo kwenye boksi inakubaliana na alama zilizo kwenye chuma, kama gundi imesambaa sawasawa pembeni, kama rangi haiachi unga mkononi. Linganisha na ile ya zamani uliyoibeba: mkunjo wa chuma, matundu ya resori ndogo, mahali mkono wa waya unapokaa. Kitu kimoja kikipishana, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwamba "itaingia tu". Itaingia kweli, na breki ya mkono haitashika.

Ya tatu ni garnitire iliyovalishwa upya, yaani fundi anabandua kitambaa kilichokwisha na kuweka kingine juu ya chuma kilekile. Kwa malori, ambako kitambaa hufungwa kwa ribiti, ni kazi ya kawaida na sina ubishi nayo. Kwa gari dogo hubandikwa kwa gundi, na gundi hiyo inataka joto na mgandamizo wa kutosha. Ikibandikwa kwa kubahatisha, kitambaa kinaweza kubanduka gari likiwa mwendoni na kulikwamisha gurudumu. Kubali njia hii tu kama piesi ya gari lako haipatikani kabisa.

Zisizo na jina, zenye boksi jeupe, ni za nne. Nyingine hukaza vizuri mwanzoni, kisha uso wake ukipata joto unang'aa kama kigae na pedali inataka nguvu zaidi kila wiki. Kwa gari linalozunguka njia tambarare ya kwenda Kavumu unaweza kuvumilia kwa muda. Kwa anayepanda Panzi kila jioni, hapana.

Garnitire ya okazio, iliyotoka kwenye gari lingine, usiichukue hata ya bure. Hujui ilipikwa kwa joto gani wala ilinyweshwa mafuta gani.

Usisahau resori ndogo za ndani na kinyota cha kurekebishia, kile kigurudumu chenye meno kinachosogeza garnitire karibu na tamburi. Kinyota cha kushoto na cha kulia vina nyuzi zinazokwenda kinyume, havibadilishani. Ukivichanganya, garnitire zitajilegeza badala ya kujikaza.

Silindi na mafuta

Inua kofia ya mpira kwenye silindi ya gurudumu. Ukikuta umajimaji, silindi inavuja, na garnitire mpya utakayoweka leo italowa kesho. Silindi nzima mpya ni bora kuliko mipira peke yake. Mipira inafaa pale tu ukuta wa ndani unapong'aa bila vidoa vya kutu, na kutu huko ndani ni kitu cha kawaida, maana mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani.

Maji hayo yana madhara mengine. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205; yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Anayeteremka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola huku mguu uko kwenye pedali muda wote, badala ya kuweka gia ndogo, anaweza kuyachemsha. Mvuke ukiingia kwenye mabomba, pedali inazama hadi chini. Nunua DOT 4, chupa ndogo, kifuniko kikiwa hakijafunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizi. Na yeyote atakayekuambia kwamba mafuta ya injini yanaweza kukusogeza mpaka nyumbani, asiguse gari lako: yanavimbisha mipira yote kuanzia silindi kuu hadi magurudumuni.

Amortisere

Hapa okazio ina nafasi yake. Mpya ya KYB, kampuni ya Japani, ni ya kwanza, na nunua mbili, kushoto na kulia pamoja. Ya pili ni okazio nzuri kutoka Japani, mbele ya mpya isiyo na jina. Lakini uikague hapohapo: fimbo yake iwe laini bila vidoa vya kutu, pasiwe na mafuta shingoni, na ukiisimamisha na kuibonyeza irudi taratibu bila kuruka hatua. Yenye gesi hupanda yenyewe ukiiachia. Iliyopanguswa ikang'aa kuliko zenzake, mwulize muuzaji kwa nini imeoshwa.

Kabla ya kujitia fundi nyumbani, tazama resori imekaa wapi. Kwenye Vitz, resori iko pembeni ya amortisere, na kazi ni ya boliti chache. Kwenye Corolla ya AE110 resori imevishwa juu ya amortisere yenyewe, imebanwa. Ukifungua nati ya juu bila chombo cha kuibana resori, inafyatuka na inaweza kuua. Kamba na nyaya si chombo. Hiyo peleka garaji.

Silenbloki na resori

Silenbloki nunua mpya, raba nyeusi iliyoshikamana na chuma. Boliti zake zikaze mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, raba inajisokota na kuchanika mapema. Resori za okazio zinatosha, mradi zilingane urefu na zisiwe na ufa.

Kufanyia kazi nyumbani

Tafuta sehemu tambarare, hata ikibidi uombe ua wa jirani. Gari likinyanyuliwa nyuma, breki ya mkono haifanyi kazi tena. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, gia, au P kwa gari la otomatiki, bado itashika. Kwa Hiace, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hata gia haishiki kitu. Magurudumu ya mbele yakingwe pande zote mbili. Kriki (jeki) ni ya kunyanyulia tu. Ukiingiza mikono au kichwa chini, gari likae juu ya shandeli (stendi) za chuma, usitegemee matofali wala mawe. Fungua upande mmoja kwanza na uache mwingine mzima, uwe mfano wako pale resori ndogo zitakapokuchanganya.

Ukimaliza, toa hewa kwenye mabomba, kisha rekebisha kinyota mpaka tamburi iguse kidogo sana ikizunguka. Waya wa breki ya mkono unafuata baada ya hapo, kamwe usitangulie. Zungusha gari mjini kwa siku kadhaa, ukifunga breki polepole, ili garnitire zikae sawa na tamburi. Kisha rekebisha waya mara ya pili kabla ya kulipeleka Uvira.