Ununue taa gani kama nyumbani mnasikiliza redio

Mzee mmoja jirani yangu aliniletea redio yake mara tatu ndani ya mwezi mmoja. "Mwanangu, ikifika magharibi inakoroma kama mashine ya kusaga." Kila nikiifungua mchana mezani kwangu, naipuliza vumbi, naijaribu, inaimba vizuri tu. Mara ya tatu nikamwambia, "Mzee, leo nakuja mwenyewe baada ya swala." Nilikuta redio iko juu ya kabati, na taa ya enajiseva inaning'inia kama futi tatu juu yake. Nikaizima taa. Mle gizani sauti ya mtangazaji ikatoka safi kabisa. Nikawasha, mkoromo ukarudi. Tulirudia mara nne ili mzee aamini. Hela ya matengenezo niliyokuwa nimemchukua nilimrudishia usiku uleule.

Tangu hapo, mtu akitaka ushauri wa taa, namuuliza kwanza wanasikiliza redio gani. FM haisumbuliwi sana. AM, yaani masafa ya kati na masafa mafupi, ndiyo inayoumia, kwa sababu inabeba sauti kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na kelele ya taa nayo huja hivyohivyo. Redio haina namna ya kuzitenganisha. Na saa zenyewe ni mbaya: stesheni za mbali hushika vizuri usiku, mawimbi yanaporudishwa na tabaka la juu la anga, na usiku ndipo taa zinawaka.

Kelele inatoka wapi? Balbu ya zamani ya waya haina ufundi ndani yake. Umeme unapita, waya unawaka. Enajiseva na LED nyingi zina sakiti ndogo kwenye kitako, inayokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye enajiseva ni kama kilohezi 20 hadi 60, yaani mara elfu 20 hadi 60 kwa sekunde. Kila mkato unazaa mitetemo ya juu zaidi, inayopanda mpaka masafa ya kati (kilohezi 531 hadi 1602) na kuendelea kwenye mafupi. Halafu inatembea kwenye nyaya za nyumba nzima, nyaya zikageuka antena.

Kinachoizuia ni chujio: koili ndogo na kapasita moja au mbili pale umeme unapoingilia. Nimefungua balbu nyingi zilizokufa. Kwenye zile za bei ya kutupa utaona kibao kimechapwa nafasi ya koili na nafasi ya kapasita, lakini nafasi ziko wazi, na palipotakiwa koili pameunganishwa kipande cha waya mtupu. Aliyeichora sakiti alijua kinachohitajika. Aliyeiunda akabana senti. Ndiyo maana sipangi taa kwa aina peke yake.

Nafasi ya kwanza naipa LED ya nyuzi, ile ya kioo cheupe unayoona ndani yake vijiti vya njano. Kitako chake kina nafasi finyu, kwa hiyo nyingi hutumia sakiti rahisi isiyokata umeme kwa kasi, na redio hukaa kimya. Si zote, kwa hiyo ijaribu. Ni ghali kidogo, na nyingine humemeteka mara 100 kwa sekunde kufuata umeme wetu wa hezi 50; kuna macho yanayochoshwa na hilo.

Ya pili ni LED ya kawaida ya kampuni yenye jina, yenye dhamana ya maandishi na alama ya TBS au KEBS. Ukiona kwenye boksi CISPR 15 au EN 55015, hicho ndicho kiwango kinachohusu kelele za redio kwa vifaa vya taa. Maandishi ni rahisi kuchapa, kwa hiyo hayaondoi haja ya kuijaribu.

Ya tatu, balbu ya waya, na hapa najua nitapingwa. Kwa redio hakuna inayoishinda kwa ukimya. Lakini ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi, LED ya wati 9 haifikishi uniti moja na nusu. Weka moja tu, pale pa kusikilizia.

Tyubulaiti ya choki na stata ningeiacha jikoni. Huvuma kidogo redio ikiwa karibu. Enajiseva usinunue tena. Mbali na kelele ina zebaki, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kuziondoa zile za kawaida za majumbani ifikapo 2025. Ya mwisho kabisa ni LED isiyo na jina, inayouzwa tano kwa bei ya moja. Hiyo huweza kuvuruga hata FM.

Sasa kujaribu. Nenda dukani na redio ndogo ya betri. Muuzaji hukuwashia balbu kwenye holda yake ya majaribio kabla hujalipa; mwombe azime kwanza taa nyingine za karibu. Weka redio AM, tafuta mahali pasipo na stesheni, karibu kilohezi 600, ishike kama hatua moja kutoka kwenye balbu. Awashe, azime, awashe. Mshindo mdogo wa "shhh" usiobadilika ndio unaoutaka. Ukisikia mvumo mkali kama nyigu, rudisha boksi. Jaribu balbu ileile utakayoondoka nayo, na hakikisha kitako ni cha holda yako, cha pini au cha kuzungusha.

Wenye boti wasilidharau hili. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba taa za LED zilikuwa zikivuruga redio za VHF, zile za mawasiliano ya vyombo, na vifaa vya AIS vinavyotangaza chombo kiko wapi, vyombo vikiwa majini. Anayetegemea chaneli 16 kuomba msaada aweke VHF kwenye chaneli tulivu, azime taa zote, apandishe skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mvumo) mpaka mvumo ukome tu, kisha awashe taa moja baada ya nyingine. Mvumo ukirudi, taa hiyo ing'olewe.

Kama taa umeshanunua na huna hela ya nyingine, toa redio kwenye adapta utumie betri, isogeze mita mbili tatu kutoka kwenye taa na nyaya za ukutani. Kisha izungushe polepole mezani. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kinachoshika masafa ya kati, na kina upande ambao hakisikii. Ukiuelekeza kwenye kelele, kelele hushuka ghafla. Kwa masafa mafupi, waya wa mita chache uliotolewa nje dirishani, mbali na nyaya za umeme, husaidia zaidi.

Yule mzee tulimnunulia LED mbili za nyuzi, sebuleni na chumbani. Duka la kwanza lilikataa tuwashe redio mle ndani, tukaenda la pili. Enajiseva yake aliihamishia choo cha nje.