Uzoefu wangu: gereji ya gari la umeme inayopima kwanza, ndipo ifungue

Wauzaji wa magari ya umeme hupenda kusema kwamba magari haya hayahitaji matengenezo, na kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Hakuna oili ya injini ya kumwaga wala plagi za kubadilisha, lakini shokapu huchoka vilevile, bushi hupasuka, matairi hulika upesi kwa sababu ya uzito wa gari na nguvu inayofika magurudumuni mara tu unapokanyaga, na chini ya sakafu imelala betri ya volti zinazokaribia 400, ambayo si ya kuguswa na kila mwenye spana. Gari langu ni Nissan Leaf lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika, na muda wa dhamana ya betri yake umepita. Nilihitaji, kwa hiyo, gereji ya kujitegemea, na haya ni maelezo yangu kuhusu ile ninayoitumia hadi sasa, pamoja na sababu zilizonifanya niziache nyingine.

Nilianza kutafuta baada ya gari kugoma kuwaka ilhali betri kubwa ilikuwa na chaji ya kutosha. Dashibodi ilijaa taa za onyo, kuanzia za breki na msukani hadi za mfumo wa umeme. Gereji ya kwanza ilichomeka kompyuta yake, ikasoma orodha ndefu ya hitilafu, kisha ikaniambia kwamba betri kubwa imekufa na inapaswa kubadilishwa yote. Hakuna kilichopimwa. Katika makisio waliyoniandikia walikuwa wameweka pia chujio la oili, kifaa ambacho injini yake haimo ndani ya gari hilo, nami nikaona karatasi ile imenieleza yote niliyotaka kujua kuwahusu.

Gereji niliyoipata baadaye ilianza kwa swali: betri ndogo ilibadilishwa lini? Fundi alifungua boneti, akaweka mita kwenye vichwa vya betri ya volti 12, akanionyesha kwamba inasoma chini ya volti 11. Betri hiyo ndogo ndiyo inayoziamsha kompyuta za gari na kuzifunga kontakta, yaani swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na mota. Ikidhoofika, kompyuta hukosa umeme wa kutosha na kuanza kulalamika zote kwa pamoja, kila moja kwa kosa lake, hata kama betri kuu ni nzima kabisa. Walibadilisha betri ndogo, wakafuta kumbukumbu ya hitilafu, wakaliendesha gari, kisha wakasoma tena ili kuona kama kuna iliyorudi. Haikurudi hata moja. Kabla ya kunikabidhi ufunguo walipima tena gari likiwa limewashwa, safari hii mita ikapanda juu ya volti 13, kuhakikisha kwamba kile kifaa kinachoishusha volteji ya betri kuu ili kuichaji ile ndogo kinafanya kazi, kwani bila hivyo betri mpya nayo ingeishia palepale.

Kazi iliyonifanya niwaamini hasa, hata hivyo, ni ya kiyoyozi. Nilipokuwa nikipiga simu huku na huko nilikuwa na swali moja la kuwapima mafundi, kuhusu kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi ya kiyoyozi: mnaweka oili gani kwenye kompresa ya gari la umeme? Wengi walijibu kwamba ni ileile ya magari yote. Jibu hilo linatosha kukata simu kwa adabu. Kompresa ya gari la umeme haizungushwi na mkanda bali na mota yake yenyewe inayotumia volteji ya juu, na nyaya za mota hiyo huoga katika gesi na oili inayozunguka humo. Kwa kawaida hutumia oili ya aina ya POE, ambayo haipitishi umeme kirahisi, ilhali oili ya PAG iliyozoeleka katika magari ya petroli hupunguza ukinzani wa umeme baina ya nyaya na mwili wa kompresa. Gari likigundua uvujaji huo wa umeme linaweza kuzima mfumo mzima kwa usalama, na mwenye gari akaambiwa anunue kompresa mpya. Fundi wa gereji hii alinijibu bila kusita, kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliuliza: mashine ya kujazia gesi huwa na mabaki ya oili ya gari lililotangulia kwenye mipira yake, kwa hiyo wao wametenga mashine moja kwa ajili ya magari ya umeme tu.

Siku ya kuifungua kompresa ya gari langu niliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba waliyoizungushia sehemu ya kazi. Fundi alizima gari, akaupeleka ufunguo mbali nalo, akakata hasi ya betri ndogo. Kisha akachukua glovu za mpira za kuhimili volti 1,000, akakagua tarehe ya majaribio iliyopigwa muhuri mkononi mwa glovu, akaikunja kila moja kuanzia kwenye mdomo ili hewa ijikusanye vidoleni, akaisogeza karibu na shavu kusikiliza kama kuna tundu. Juu yake alivaa glovu za ngozi. Akachomoa plagi ya usalama inayoigawa betri kuu, akaitia mfukoni mwake ili mtu mwingine asiirudishe, na baada ya hapo akangoja dakika 10 bila kugusa kitu, kwa kuwa kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, hubaki na umeme hata betri ikishatengwa. Aliporudi aliijaribu mita yake kwanza kwenye chanzo chenye umeme, akapima ncha za nyaya za rangi ya chungwa, yaani zile za volteji ya juu, halafu akaijaribu tena kwenye chanzo kilekile, maana mita iliyoharibika nayo husoma sifuri. Mteja mwenye haraka angeweza kuchukizwa na muda huo. Mimi nilifurahi kuulipia.

Kuhusu betri kuu, nilipewa ripoti yenye asilimia ya uwezo uliobaki na volteji ya kila jozi ya seli, ambazo katika betri ya Leaf la kilowati-saa 24 ni jozi 96 zilizounganishwa mfululizo. Jozi moja ilikuwa chini ya nyingine kwa milivolti kadhaa, na hapo fundi angeweza kunitisha. Badala yake alisema kwamba tofauti inayoonekana chaji ikiwa juu haitoshi kutoa uamuzi, akaniomba nirudi betri ikikaribia kwisha, kwa sababu seli dhaifu hujifichua chaji inaposhuka na gari linapovuta nguvu nyingi. Alinieleza pia kwamba wao hawafungui betri kubwa kubadilisha moduli, yaani vifurushi vya seli, na kwamba ikifika huko watanielekeza kwa wenye kazi hiyo.

Breki zilihudumiwa vizuri. Kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi hudumu sana, lakini pini za kalipa hukwama na diski hushika kutu kwa kukosa kazi. Walizitoa pini, wakazisafisha na kuzipaka grisi badala ya kuniuzia pedi mpya ambazo sikuzihitaji. Gari pia walilinyanyua kwenye sehemu zake maalumu za kuwekea jeki, jambo linaloonekana dogo hadi uone kasha la betri lililobonyea.

Kasoro wanazo. Fundi mwenye mafunzo ya volteji ya juu ni mmoja, na asipokuwepo gari husubiri, hata kama nyuma yake kuna foleni. Vipuri vinavyoagizwa huchelewa na hakuna anayekupigia kukujulisha. Lazima uulize mwenyewe. Hawana chaja ya kasi, kwa hiyo baada ya majaribio ya barabarani unaweza kurudishiwa gari likiwa na chaji pungufu kuliko ulivyolileta, na ni vyema ukalipeleka likiwa na ya ziada. Ripoti ya betri nayo hawaitoi kwenye karatasi mpaka uiombe; mimi huiomba kila mara ili niilinganishe na ya nyuma.

Matairi pekee ndiyo ninayoyabadilishia kwingine, kwa sababu ya foleni hiyo, na huko husimama kando ya gari kumwonyesha fundi mahali pa kuweka jeki.