Uzoefu wangu: safari ya kikombe cha jero (shilingi 500), Samunge 2011

Wakuu, naona wengi mnaosimulia habari za Babu wa Loliondo, yule wa dawa ya kikombe, mlisoma tu magazetini. Mi nilifika, Machi 2011, nikiwa na bi mkubwa, mama yangu, mwenye kisukari.

Kwanza tuwekane sawa, watu wanasema Loliondo ila kijiji chenyewe kinaitwa Samunge, kadogo tu, kwa Wasonjo huko, miti, vichaka na milima. Babu mwenyewe, mchungaji mstaafu wa KKKT (kanisa la Kilutheri Tanzania), Ambilikile Mwasapile, alisema kaoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, bei jero, kikombe kimoja basi, na lazima unywee palepale, hakuna cha kumbebea mgonjwa aliyebaki nyumbani.

Sasa hiyo jero ndo ilikuwa hela ndogo kuliko zote! Dereva wa Landkruza tuliyepatana naye Arusha kapandisha nauli tumeshafika Mto wa Mbu, utafanyaje na mama umeshampakia. Toka hapo ni vumbi na mawe, mnapita Engaresero, joto la Ziwa Natron acha tu, Ol Doinyo Lengai uko nao dirishani weee hauishi, halafu ndo mnakuta foleni, magari kilomita na kilomita, tukalala garini siku mbili, choo kichakani, maji ya chupa bei ya kuruka. Wagonjwa wengine ndugu zao waliwatoa wodini hali mbaya kabisa. Usiku wa pili gari la mbele yetu likageuza kimyakimya, hakuna aliyeuliza, tulijua tu.

Zamu yetu ilivyofika hata dakika tano haikuchukua. Babu anachota mwenyewe, vijana wanawaletea vikombe dirishani, hushuki hata garini. Uchungu kidogo, kama mizizi yoyote iliyochemshwa. Bi mkubwa kafumba macho kanywa yote, mi nikaishia nusu, akanisonya, akamalizia yeye.

Kitu nilichomkatalia ni kuacha vidonge, tuligombana njia nzima mpaka Arusha lol. Mpaka leo sukari anapima na dawa anameza, ila Babu alipofariki Julai 2021 alilia kama kafiwa na kaka yake, na ole wako umcheke.

Nyota? Vijana wa vikombe nne, barabara ya kipindi kile sifuri. Yule dereva bado namtafuta.