Bach wa Köthen na Bach wa Leipzig

Ukitaka kuona dini ilivyouongoza muziki wa Baroki (mtindo wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750), mchukue mtunzi Johann Sebastian Bach umpime kwa waajiri wake wawili wa Ujerumani.

Katika mji wa Köthen, 1717 hadi 1723, mwajiri alikuwa mwanamfalme Leopold, Mkalvini, yaani Mprotestanti aliyefuata mafundisho ya Kalvini. Ibada ya Wakalvini ilitosheka na zaburi zisizo na mbwembwe, hivyo kanisani Bach hakuwa na kazi kubwa. Lakini Leopold mwenyewe alipiga ala na kuwalipa wapigaji mahiri. Ndiyo maana miaka hii imejaa muziki wa ala. Hata nakala safi ya konserto (tungo za kundi la ala) sita za Brandenburg iliandaliwa hapa, 1721. Ubaya wake: ajira nzima ilitegemea ladha ya mtu mmoja.

Leipzig, kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, mwajiri alikuwa baraza la mji, na mji ulikuwa wa Kilutheri. Hapo mahubiri na muziki vilikwenda pamoja: kantata (utungo wa waimbaji na ala) karibu kila Jumapili na sikukuu, isipokuwa sehemu kubwa ya Majilio na Kwaresima. Hata umbo la kazi lilifuata ibada. Pasioni ya Mathayo, utungo wa mateso ya Yesu, ina sehemu mbili kwa sababu katikati yake, Ijumaa Kuu, mhubiri alipanda mimbari.

Kwa uhuru wa kujaribu ala, Köthen inashinda, tena kwa mbali. Leipzig ilimpa kwaya, ila si ya kutosha: mwaka 1730 aliliandikia baraza kwamba kati ya wavulana 54 wa shule iliyotoa waimbaji wa kwaya, waliofaa kuimba walikuwa 17 tu.