Vidonge vya mafuta ya ini la papa: nyota 2 kati ya 5, na zote 2 ni za mafuta yenyewe

Nlivinunua kwenye duka moja la virutubisho Kariakoo, chupa ya vidonge 60 kwa elfu 75. Sio vyangu, ni vya mama mdogo anayetibiwa kansa ya titi, ndo maana naandika kwa kirefu hivi. Chupa ilikuja na sili yake, tarehe ya kuisha bado mbali, vidonge laini havikwami kooni. Tulipasua kimoja, harufu ikajaa chumba, sifa kabisa, watu wa Mafia na Kilwa mnaijua, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi mbao zisioze. Kwa hiyo kwamba ni mafuta ya papa mi sina ubishi.

Kilichoniudhi ni kikaratasi cha ndani. Kinasema mafuta haya yanafunga chaneli za seli za kansa, na muuzaji akakazia kwamba Wafaransa wameshathibitisha, mgonjwa akimeza miezi mitatu kansa haisambai tena. Mama mdogo alivyosikia hivyo uso ukabadilika, akaniuliza sasa mionzi ya nini? Usiku ule sikulala, nikakaa natafuta huo utafiti.

Na upo jamani, tena mzuri sana. Ni wa mtafiti Christophe Vandier na wenzake Chuo Kikuu cha Tours, Ufaransa. Seli ina milango midogo kwenye ngozi yake ya nje, ndo hizo chaneli, zinapitisha chumvichumvi kama potasiamu na kalsiamu. Kuna mmoja unaitwa SK3, kwenye titi lisilo na kansa haupo ila kwenye baadhi ya seli za kansa ya titi unaukuta. Unatoa potasiamu nje, umeme wa ile ngozi unabadilika, basi kalsiamu inavutwa ndani kupitia mlango wa jirani, Orai1, na kalsiamu ikishaingia seli inaanza kutembea. Hii milango miwili inakaa pamoja kwenye sehemu yenye kolesteroli nyingi, na hapo ndo mafuta yanapoingia kwenye habari. Wao walitengeneza mafuta yao maabara wakayaita Ohmline, yanajipenyeza kwenye ngozi ya seli na kuitoa ile milango pale ilipokaa, kalsiamu inapungua, seli inatulia. Haiui seli, inaizuia kuhama tu, na mimi hapo ndo niliposhangaa maana siku zote nlijua dawa ya kansa kazi yake kuua. Mwaka 2013 walionyesha inazuia kansa isiende mifupani. Kwa panya.

Sasa Ohmline haimo kwenye hii chupa. Ina sukari ya maziwa, laktosi, imefungwa kichwani kwa makusudi, na papa hana kitu hicho. Mafuta ya papa yana alkiligliseroli, aina ya mafuta ya asili, ni ndugu wa mbali wa Ohmline kwa umbo, na hata hizo zina historia yake, daktari wa Sweden Astrid Brohult aliwapa wagonjwa wa kansa ya shingo ya kizazi waliokuwa kwenye mionzi ili madhara ya mionzi yapungue. Umeona lakini, walikuwa KWENYE mionzi, hakuwaambia waache.

Halafu mafuta ya ini la samaki yanaweza kuwa na vitamini A nyingi, ikizidi inaumiza ini la mgonjwa, na kwenye lebo hawajaandika ni kiasi gani. Kwa bidhaa ya elfu 75 hilo silisamehi.

Nlirudi dukani na kikaratasi, nikawaeleza taratibu bila ugomvi, yule kijana alinisikiliza ila akasema wao wanauza tu, kinakuja hivyo hivyo toka kiwandani. Basi kitoeni kabla hamjampa mtu chupa, inachukua sekunde mbili.

Mama mdogo tulimpeleka na chupa yake kliniki, mfamasia akasoma lebo akasema asimeze mpaka daktari wake aamue. Jumatatu alikwenda kwenye mionzi kama kawaida, nlimsindikiza mwenyewe. Vidonge 52 bado vipo kabatini.